Sekunde Ishirini Juu ya Kioo

1

Bibi Tuntufye Sanga alifika karakana asubuhi na mapema, umande ukiwa bado umeganda juu ya nyasi, akamkuta Lutengano Chaula akifuta vioo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Funga mlango huo, baridi ya Juni haina adabu." Alivuta kiti, akakaa, akaingiza mikono ndani ya shuka lake zito. "Unavifuta kama mtu anayeosha maiti."

Lutengano alicheka kidogo bila kuacha kazi. Vioo vilikuwa sita, kila kimoja ukubwa wa sinia, na alivifuta kwa utaratibu ule ule kila siku: kitambaa chenye spiriti kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kitambaa kikavu. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kufungua vioo vibovu vilivyoletwa kutupwa, akaandika katika daftari kila alichokiona. Kwa kuwa hakuwa na mwalimu wa kumwambia amekosea, alijizoesha kurudia kila kipimo mara tatu kabla ya kukiamini.

Kituo cha Wasomaji kilikuwa hapo Makete kwa sababu barabara za nyanda za juu zilikuwa zimeshindwa na mvua kwa miaka mingi, na wakunga walikuwa wachache. Mjamzito aliye zahanati ya mbali alifungwa mkanda tumboni. Mkanda ulilipapasa tumbo, na kilichopapaswa kikaletwa hapa, juu ya kioo. Mkunga msomaji alipitisha kidole, akasikia kichwa, mgongo, kisigino, akasema mtoto amelalaje, nani asubiri na nani abebwe haraka. Zahanati thelathini na nne zilitegemea vidole vya watu tisa.

"Leo ni mara ya tatu," alisema Bibi Tuntufye.

"Najua, bibi."

"Januari nimeshindwa mtihani. Machi nimeshindwa. Nikishindwa leo, natoka." Akatoa mkono wa kulia, akautazama kama kitu cha kuazima. "Sikuja kukuomba unisaidie. Sikiliza vizuri, maana wewe ulitoka miguu kwanza, na mpaka leo mambo yako ni ya kinyumenyume. Nimekuja kukuomba uniambie ukweli. Kama kidole changu kimekufa, niambie wewe. Sitaki kuambiwa na karatasi. Nikijua kimekufa, nitaondoka mwenyewe, kabla sijamponza mtoto wa mtu."

Lutengano aliweka kitambaa chini. Bibi huyu ndiye aliyempokea duniani, miaka arobaini na mmoja iliyopita, na mkono ule aliokuwa akiutazama ndio uliomshika vifundo vya miguu.

"Leta kidole," alisema.

2

Alikifuta kwa spiriti, kama kanuni ilivyotaka. Huku juu watu hujipaka mafuta ya mgando mpaka kwenye kucha ili ngozi isipasuke, na mafuta hudanganya kioo. Kisha akakiweka juu ya kioo cha majaribio, kilichounganishwa na ubao wa tumbo la mfano, akamwambia akiburute taratibu kuelekea kwake.

Kwenye mtambo mdogo pembeni mstari wa kijani, unaoonyesha kioo kimekishika kidole kiasi gani, ulilala chini kabisa.

Wageni walipotembelea Kituo waliuliza jambo lile lile: kioo ni bapa, kinawezaje kuwa na kichwa cha mtoto? Lutengano aliwajibu kwamba kioo hakina kilima wala bonde. Kinachofanya ni kukishika kidole na kukiachia. Umeme mdogo, usiouma, hukivuta kidole kuelekea kioo; ukizidi, kidole hukwama kidogo, ukipungua huteleza, na akili ya mtu hukusanya kukwama na kuteleza huko, ikasema hapa pana kitu cha mviringo. Kila kitu kimo katika msuguano. Kidole kisichosuguana vya kutosha, kioo hakina pa kukishika.

Kidole cha Bibi Tuntufye kiliteleza kama sabuni iliyokauka.

"Unasikia nini?"

"Nasikia kioo."

Lutengano aliinama. Chini ya meza kulikuwa na swichi ya kuzungusha, ya kuongeza nguvu ya kuvuta. Kanuni ilikataza kuigusa wakati wa mtihani, ila hapa karakana hawakuwa mtihanini. Aliizungusha robo. Mstari wa kijani ulipanda.

Bibi alishtuka, uso ukafunguka. "Huyu hapa! Mgongo huu hapa, upande wa kushoto. Lo, Lutengano, huyu hapa!" Aliucheka ule mgongo kama mtu aliyekutana na rafiki sokoni.

Lutengano angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa na mazoea yake. Aliondoa ubao wa lile tumbo la mfano, akaweka ubao mtupu. Kioo sasa hakikuwa na chochote.

"Na hapa?"

Bibi aliburuta kidole, akainamisha kichwa. "Kisigino. Kidogo, kinapiga. Tena... huku pia kingine."

"Bibi, hapo hakuna kitu."

Kidole kilisimama.

"Hakuna kitu kabisa?"

"Nguvu ikizidi, kidole kikavu hurukaruka chenyewe. Kinakwama, kinachomoka, kinakwama. Unachosikia ni kidole chako na kioo vinagombana."

Bibi aliondoa kidole, akautazama ule ubao. "Kwa hiyo mtoto asiyekuwepo ananipiga teke mimi," alisema, lakini sauti haikuwa na mzaha. "Punguza kitu hicho. Usiniwekee tena hata nikikulilia."

Aliipunguza. Miaka mitano nyuma alikuwa amemwongezea nguvu msomaji mmoja, mama mwema aliyekuwa karibu kustaafu, kwa huruma tu. Msomaji yule akasikia kichwa mahali pasipokuwa na kichwa. Mjamzito akaambiwa asubiri, akasubiri siku mbili. Mtoto hakuishi. Hakuna aliyemfunga Lutengano wala kumfukuza. Dakta Konsolata Mgaya, mkuu wa Kituo, alimwita ofisini, akamwambia, "Nataka kanuni ambayo hata wewe hutaweza kuipinda."

Akaiandika. Nguvu moja kwa kila msomaji. Kidole kifutwe kwa spiriti kabla ya kila tumbo. Sekunde ishirini kwa kila tumbo, kengele ilie, kidole kiondoke. Matumbo matano, anayepata matatu anabaki. Anayeshindwa mara tatu anaondoka.

Wa kwanza kuondolewa alikuwa shangazi yake Edina, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Watu walisema Lutengano ni mtu wa haki, hajui ndugu. Naye moyoni aliwaamini. Baada ya Edina walifuata wengine kumi.

"Ukweli basi," alisema Bibi Tuntufye, akisimama. "Kimekufa?"

"Sijui, bibi."

"Hujui?"

"Mstari unasema ni kikavu. Haujasema kimekufa. Sijui."

Bibi alimtazama, akatikisa kichwa taratibu. "Angalau hujanidanganya," alisema, akatoka.

3

Mtihani ulianza saa nne. Chumba kilikuwa na kioo kimoja, meza ya Dakta Mgaya, na meza ya Lutengano yenye mtambo, chupa ya spiriti na kengele. Wasomaji wawili vijana walimaliza kabla chai haijapoa. Mmoja alipata matano, mwingine manne.

"Bibi Sanga," aliita Dakta Mgaya. Alikuwa mwanamke mrefu wa Njombe, msemaji wa maneno machache, na hakuwahi kuonekana akifurahia siku hii. "Karibu. Uko tayari?"

"Mkunga huwa hayuko tayari. Anaitwa tu."

Lutengano alifuta kidole. Kabla hajakiweka kwenye kioo, Bibi alikileta mdomoni, akakipumulia pumzi ndefu ya joto, kama alivyofanya maisha yake yote kabla ya kugusa tumbo la mwanamke kwenye baridi.

"Bibi, hairuhusiwi," alisema Lutengano kwa upole. "Kikishafutwa ni hivyo hivyo."

"Mazoea." Akakunja uso. Lutengano akakifuta tena.

Tumbo la kwanza. Kidole kilizunguka, kikarudi, kikazunguka. Kengele. "Kichwa chini," alisema, bila kuamini. Dakta Mgaya aliandika. Halikuwa sahihi.

Spiriti. Tumbo la pili.

Safari hii Bibi hakuzungusha kidole. Labda alikuwa amechoka, labda ni ubishi. Alikiweka katikati ya kioo, akakiacha pale, akafumba macho.

Lutengano alitazama mstari. Ulikuwa chini, kama asubuhi. Sekunde ya tano, chini. Ya kumi, ulianza kuinuka, kidogo sana, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa. Ya kumi na tano, juu zaidi. Ya ishirini alitakiwa kupiga kengele, na mkono wake ukapiga, lakini macho yalibaki kwenye mstari. Ulikuwa bado unapanda.

"Sijui," alisema Bibi Tuntufye. "Andika sijui."

Mawili yamekwenda. Likikosekana jingine moja, basi.

Lutengano alishika chupa ya spiriti, lakini hakuifungua. Kichwani mwake mambo yalijipanga moja baada ya jingine, kwa utulivu uliomtisha. Ngozi kavu ya kidole ni ngumu. Inagusa kioo kwa vilele vichache tu vya ile mistari yake. Kidole kikitulia, jasho dogo hutoka kwenye vitundu vya mistari, halina pa kwenda, linailainisha ngozi, ngozi inalala, na kioo kinapata pa kushika. Hilo alilijua miaka yote. Alilipima. Aliona kwamba mstari unafika juu kwa sekunde kumi, akaziongeza maradufu kwa ukarimu, akaandika ishirini.

Alipima kwa kidole cha nani?

Alipima mara tatu, kama kawaida yake. Mara zote tatu alipima kwa kidole chake mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Kidole cha mtu wa miaka sitini na nane, aliyefua na kulima kwenye baridi hii, jasho lake ni la kubembeleza. Hakijafa. Kinachelewa. Na kila kilipoanza kuamka, kengele ililia, kisha yeye mwenyewe akaja na spiriti, akakausha jasho na pumzi, akakirudisha mwanzo.

Kengele ilikuwa mbele yake. Angeweza kuisahau. Angechelewa kuipiga mara moja, mara mbili, Dakta Mgaya hakuwa anatazama saa. Bibi angebaki kazini, na hakuna ambaye angeuliza kuhusu wale kumi na mmoja.

"Fundi," alisema Dakta Mgaya. "Mashine imeharibika, au fundi ndiye ameharibika?"

Lutengano alisimama. "Fundi, dakta. Naomba tusimame kidogo."

Alieleza. Hakueleza vizuri, alianza katikati, akarudi mwanzo, akaonyesha mstari kwenye mtambo. Dakta Mgaya alimsikiliza bila kupepesa.

"Mwaka ule pia ulikuwa na sababu nzuri," alisema.

"Ndiyo."

"Huyu ni mtu aliyekupokea duniani."

"Ndiyo, dakta. Ndiyo maana siombi apewe yeye peke yake. Naomba kila mtu apewe muda mpaka mstari wake utulie, wa haraka na wa polepole, hata ikifika dakika moja na nusu. Nguvu ibaki ile ile. Siigusi swichi. Njoo ukae wewe mezani kwangu."

"Na mama mwenye uchungu, atasubiri dakika moja na nusu ili kidole cha mtu kilainike?"

"Mwanangu," alidakia Bibi Tuntufye kutoka kwenye kioo, "mimi nimekaa na uchungu wa watu siku mbili mfululizo, nikinywa uji kwa kikombe kilichovunjika mkono. Dakika moja na nusu ni kitu gani?"

Dakta Mgaya karibu atabasamu, akajizuia. Alikuja, akakaa kwenye kiti cha Lutengano, akaweka mikono yake juu ya meza, mbali na swichi. "Nitaanza na ubao ninaoutaka mimi," alisema. Akachagua. Lutengano aliona alichochagua, akatazama sakafu.

Bibi aliweka kidole, akatulia. Chumba kizima kilitulia naye. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, na kwa muda huo shoka ndilo lililokuwa saa yao. Mstari ulipanda, ukapanda, na baada ya sekunde themanini ukalala sawa, pale pale ambapo mistari ya wale vijana ilikuwa imelala.

Kidole kikaanza kutembea. Kilikwenda kona hadi kona, kikarudi. Bibi alikunja uso, akarudia tena.

"Hapa hakuna kitu," alisema.

"Una hakika?"

"Hakuna mtoto hapa. Kama mnanifanyia mzaha, mnifanyie nikiwa nimekunywa chai."

Ulikuwa ubao mtupu. Dakta Mgaya alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Kisha akaanza upya na matumbo matano. La tatu Bibi alilikalia muda, mara akacheka. "Kichwa kiko huku juu, chini ya mbavu. Kagoma kugeuka. Kama huyu fundi wenu." La nne alikosea, akakubali bila ubishi kwamba amekosea. Yaliyobaki alipata.

Alipotoka, akijifunga shuka, hakumshukuru Lutengano. Alisimama mlangoni tu, akasema, "Edina anajua?"

Lutengano alitikisa kichwa.

"Hm," alisema Bibi Tuntufye, akaenda zake.

Walibaki wawili. Dakta Mgaya alikuwa akipekua jalada la miaka minne.

"Kumi na mmoja," alisema. "Wote walikuwa na zaidi ya miaka hamsini na mitano. Mimi nilitia sahihi kila karatasi, na sikuliona."

"Kanuni ni yangu."

"Sahihi ni yangu. Nitaandika ripoti, na majina yote mawili yatakuwemo." Alifunga jalada. "Simaanishi kwamba wote walikuwa wazuri. Huenda wengine walistahili kuondoka."

"Huenda."

"Lakini hatujui."

"Hatujui," alisema Lutengano, na ilikuwa mara ya pili siku ile kukiri hivyo.

"Sitawaandikia barua. Barua ndiyo tuliyowapa walipoondoka. Chukua kile kioo kidogo cha kubeba, cha betri, uende mwenyewe, mlango kwa mlango. Unajua wa kuanza naye."

4

Shamba la pareto la Edina Chaula lilikuwa mteremkoni, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Lutengano alimkuta katikati ya maua meupe, kikapu kiunoni, vidole vikichuma bila kutazamwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona siku ya kazi? Umefukuzwa?"

"Bado."

"Basi shika upande ule, usisimame kama mwanasiasa."

Alichuma. Njiani alikuwa ameandaa maneno, ameyaandika kwenye daftari kwa namna tatu. Daftari lilibaki mfukoni. Alisema akiwa ameinama, macho kwenye maua: spiriti, sekunde ishirini, kidole kilichotumika kupima. Hakuweka sababu zake mbele.

Edina aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari. Hapo akanyoosha mgongo.

"Rudia."

Akarudia.

"Kwa hiyo kidole changu hakikuwa na kosa."

"Sijui kama ungepata yote, shangazi. Najua tu kwamba hukupewa nafasi ya kupata."

Upepo ulipita, maua yakalala na kuinuka. Edina alitazama mikono yake, yenye ufa kwenye kila ncha, ya rangi ya udongo.

"Tangu siku ile sijamgusa mwanamke tumbo," alisema. "Hata Tusekile, jirani yangu, alipokuja kuniomba kwa magoti, nilimwambia nenda Kituoni, mimi mkono umekufa. Wewe hukuniambia umekufa. Ulisema tu kanuni ni kanuni. Hilo la kufa nilijiambia mwenyewe." Akakunja vidole. "Miaka minne, Lutengano. Nilidhani ni mimi."

Lutengano alipiga magoti kwenye tuta, akafungua mfuko, akatoa kioo na kukilaza juu ya kikapu kilichofunikwa. Edina alitazama ndani ya mfuko.

"Ile dawa yako ya kufutia iko wapi?"

"Nimeiacha. Futa kwa kanga tu."

Alijifuta, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Kisha akakileta kidole cha shahada mdomoni, akamtazama mpwa wake kwanza, kama anayeomba ruhusa au anayemjaribu.

"Pumulia," alisema Lutengano.

Akakipumulia. Akakiweka juu ya kioo, akafumba macho.

Lutengano, aliyezoea kuhesabu kila kitu tangu utotoni, alijikuta ameshaanza: moja, mbili, tatu. Alipofika ishirini, aliacha kuhesabu.